Nilifunga kipimo cha mto kwenye drifti yetu: ripoti ya miezi minane (uzi mrefu)

#1 fundi_mto

Wazee, hekaya hii ni ndefu, tafuteni chai kwanza.

Mwaka jana niliuliza hapa jinsi ya kupima maji ya mto nikiwa nyumbani kwa simu. Nilichekwa kidogo, nikasaidiwa sana, nikaahidi kurudi na ripoti. Leo nalipa deni.

Kwa wasiopajua: ni drifti moja upande wa mashariki ya jiji, chini ya pale mto Mathare unapoingia mto Nairobi. Drifti si daraja. Ni sakafu ya zege iliyolazwa juu ya kalvati tatu (njia za maji zinazopita chini yake), haina ukingo, haina taa. Kiangazi boda inapita hapo bila hata kubadilisha gia. Mvua ikishanyesha huko juu, maji yanapita juu ya zege yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na hapo huwezi kujua kama zege lenyewe bado lipo au limeshaondoka.

Ubaya wa mto huu ni kwamba mvua inayoujaza mara nyingi huioni. Unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, halafu njiani unapokea maji ya mabati na lami ya nusu ya jiji. Unaweza kuwa umekaa nje na mahindi choma, nyota zote ziko, na mto unapanda nyuma ya mgongo wako.

Kifaa chenyewe hakina uchawi. Mkono wa chuma umetokeza juu ya maji, na mwishoni kuna kihisi cha altrasoniki kinachotazama chini, mita 3 juu ya sakafu ya drifti. Kinapiga sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga maji na kurudi, unapima muda. Ubongo ni ESP32 (kikompyuta kidogo), betri ya lithiamu, sola ya ukubwa wa sahani, na laini ya simu kama yako. Kinaamka kila dakika 15, kinapima mara 11, kinavipanga vipimo na kuchukua kile cha katikati (ukichukua wastani, kipimo kimoja cha kichaa kinakuharibia vyote), kinatuma, kinarudi kulala. Maji yakianza kupanda kinaamka kila dakika 2.

Sasa makosa, maana ndiyo mnayoyasubiri.

Wiki ya pili, saa nane usiku, simu inalia: MAJI SENTIMITA 270 JUU YA DRIFTI. Nikatoka na bukta na gambuti, tochi mkononi, mke wangu akiniuliza kama nina akili. Kufika, drifti kavu, vyura wanaimba. Buibui alikuwa ameshona utando wake sentimita 30 chini ya kihisi, umande ukaukalia, na sauti ikawa inagonga utando badala ya maji. Toka siku hiyo kila Jumamosi napitisha brashi, na mkono wa chuma nimeupaka grisi.

Kosa la pili ni joto. Mchana maji yalikuwa yanapanda na usiku yanashuka, kila siku, kama bahari ya Mombasa. Nikafikiri nimegundua kitu kikubwa. Kumbe sauti hukimbia kwa kasi tofauti hewa ikiwa baridi na ikiwa moto: kwenye nyuzi 15 ni kama mita 340 kwa sekunde, kwenye nyuzi 30 ni kama 349. Kwenye umbali wa mita 3 hiyo ni tofauti ya karibu sentimita 8. Nikaongeza kihisi cha joto cha bei ya soda mbili, bahari ikaisha. Kiwekeni kivulini, lakini. Changu cha kwanza kilikaa ndani ya boksi na kikawa kinapima joto la boksi.

Tatu, moduli ya simu, yaani kile kipande kinachobeba laini. Ikitafuta mtandao inavuta umeme kwa mshtuko, hata ampea 2 kwa muda mfupi mno, na waya zangu zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Kifaa kilikuwa kinajizima na kuwaka, kinajizima na kuwaka. Waya nene na kapasita kubwa (inayohifadhi umeme kidogo wa kutoa ghafla) karibu na moduli, kikatulia.

Kosa la nne ndilo lililofanya niandike uzi huu. Masika, usiku wa manane, maji yalipanda kweli. Kifaa kikapima sawasawa, dakika kwa dakika, ninayo grafu. Lakini umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima na mnara wa simu ukazimika pamoja nao. Meseji zote zikaja kwa mkupuo mmoja, dakika 40 baadaye. Na hata zingefika kwa wakati, zingemfikia nani? Watu 26 kwenye orodha yangu, wote wako kitandani. Aliyekuwa anakuja na Probox imejaa sukuma wiki hakuwa kwenye orodha. Hajui kuna orodha. Anatoka Kangundo, anakwenda sokoni.

Aliingia. Gari likasukumwa upande kama kiti cha plastiki, likakwama kwenye jiwe la ukingoni. Vijana wa boda wakamtoa dirishani kwa kamba. Yuko salama, sukuma wiki ilikwenda Athi.

Asubuhi nikamkuta mama anayeuza mandazi pale juu ya mteremko. Hufungua saa kumi alfajiri. Akaniambia, bila kunilaumu, kwamba yeye maji yakifika kwenye jiwe fulani huchukua kreti ya soda akaipindua katikati ya barabara. Kila boda wa hapa anaijua. Kreti ikiwa barabarani, unageuza. Usiku ule alikuwa bado hajafungua. Nimekaa hapa miaka mitano nikidhani hiyo kreti ni ya kushikia nafasi ya kuegesha.

Kwa hiyo nilibadilisha kazi ya kifaa. Sasa kina taa ya manjano inayowaka na kuzima na king'ora kidogo pale pale mtoni, vinafanya kazi mtandao ukiwepo au usiwepo. Na simu ya kwanza kupigwa (kupigwa, siyo kutumiwa meseji, meseji haimwamshi mtu) ni ya mama mandazi na ya kijana mmoja wa boda anayelala karibu. Wao wanatoa kreti. Wengine mtapata meseji baadaye, mkiwa mnakunywa chai.

Maswali yaje.

#2 Kipara_Umoja

Picha ziko wapi? Hekaya bila picha ni porojo.

#3 boda_ruai

Mimi napita hiyo drifti, au pacha wake. Niwaambie ukweli wa mtu wa pikipiki: simu iko mfukoni ndani ya koti la mvua, kofia imefunika masikio, abiria nyuma anasema "songa tu, wengine wamepita". Kuzunguka ni nusu saa na mafuta ya kama mia, na abiria hataki kuongeza hata kumi. Meseji yako siisomi.

Kitu ninachokiangalia ni nguzo. Kama nguzo ya hapo ingekuwa na rangi, nyeupe mpaka hapa pita, nyekundu rudi, ingenisaidia kuliko hizo ESP. Na abiria naye angeiona mwenyewe, tusigombane.

#4 fundi_mto

@boda_ruai rangi ipo tangu Mei, nilisahau kuandika. Na nakubaliana na wewe kabisa: ningeanza upya, ningeanza na kopo la rangi, halafu taa, halafu ndiyo vifaa.

@Kipara_Umoja picha siweki. Ukionyesha nguzo, kesho sola haipo.

#5 Mzee wa Mita

Vijana, nimestaafu kazi ya kupima mito na nimesoma uzi huu nikitabasamu.

Enzi zetu kila kituo kilikuwa na mbao zenye alama za sentimita, zimesimamishwa mtoni, na msomaji, mara nyingi mkulima wa jirani. Alisoma asubuhi na jioni, akaandika daftarini. Kwa mto mkubwa kama Tana unaopanda kwa siku kadhaa, inatosha. Kwa vijito vya jiji ni kama kumpiga picha ngiri anayekimbia: asubuhi mto uko chini, jioni uko chini, na katikati umepanda mita mbili ukamaliza. Daftari linasema siku ilikuwa shwari.

Nikushauri mambo mawili. La kwanza, sifuri yako. Umesema mita 3 kutoka kihisi hadi sakafu ya drifti. Siku mkono wa chuma ukipinda kidogo, au ng'ombe akijikuna, sifuri imehama na wewe hujui. Chonga alama ya kudumu kwenye kitu kisichosogea, mwamba au msingi wa zege, na kila mwezi upime kwa futi kutoka alama hiyo. Bila hivyo namba zako za mwaka huu na za mwaka ujao hazitasalimiana.

La pili, weka kifaa cha kilele. Ni bomba lililosimama wima, limetobolewa matundu chini, ndani kuna kijiti na unga wa kizibo. Maji yakipanda ndani ya bomba, unga unaelea nayo. Yakishuka, unga unabaki umeshika kijiti pale yalipofika juu kabisa. Unafungua asubuhi, unapima mstari, unaupangusa. Halina betri, halina laini, wala buibui halisumbui. Ukitaka kujua kama hicho kidude chako kinasema kweli, linganisha na mstari wa unga.

#6 fundi_mto

Mzee, shikamoo. Unga wa kizibo nautoa wapi Nairobi?

#7 Mzee wa Mita

Marahaba. Vizibo vya chupa za mvinyo, nenda hoteli yoyote kubwa uombe wahudumu wakuwekee. Saga kwa tupa. Vumbi la mbao nalo linashika, ila huloa na kuoza, utabadilisha mara kwa mara.

#8 mkenya_austin

Salamu kutoka Texas. Hili eneo la kati ya Texas wenyewe wanaliita uchochoro wa mafuriko ya ghafla, na drifti kama yenu ziko kila kona. Hapa Austin jiji lina tovuti yenye ramani inayoonyesha vivuko vilivyofungwa na vilivyo wazi, na kwenye baadhi ya vivuko kuna vihisi, taa na vizuizi. Na bado watu wanaingia. Takwimu za Marekani zinasema zaidi ya nusu ya wanaokufa maji kwenye mafuriko huwa ni gari limeingizwa majini. Kwa hiyo hadithi yako ya Probox si ya Nairobi peke yake.

Lakini nataka kukupinga kwenye jambo ambalo hujaliandika na nina hakika umelifanya. Baada ya buibui, umeiambia programu ikatae kipimo chochote kinachoruka sana, sivyo?

#9 fundi_mto

Umenishika. Ikizidi sentimita 30 ndani ya dakika 2, inatupa.

#10 mkenya_austin

Ndilo tatizo. Tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe hapa Texas ulipanda karibu mita 8 ndani ya dakika 45. Piga hesabu: karibu sentimita 18 kwa dakika, yaani 36 kwa kila dakika zako mbili, na huo ni wastani tu. Programu yako ingeyatupa maji yenyewe ikidhani ni buibui. Walikufa watu zaidi ya 100.

Usitupe. Kipimo kikiruka, kiamshe kifaa kipime tena baada ya sekunde 10, mara tatu. Utando unasimama pale pale, sentimita 30, sentimita 30, sentimita 30. Maji yanasogea.

#11 fundi_mto

Nimebadilisha sasa hivi, chai imepoa. Asante sana, ndugu.

#12 mwana_wa_Mwingi

Mimi niliposoma hapo kwenye "songa tu, wengine wamepita" nikaweka simu chini kidogo. Tarehe 4 Desemba 2021, mto Enziu, basi la wanakwaya waliokuwa wanakwenda harusini. Maji yalikuwa yanapita juu ya daraja, watu wamesimama ng'ambo zote mbili wanatazama. Zaidi ya 30 hawakutoka. Video mliiona wote. Pale hapakukosekana taarifa, umati wote ulikuwa unayaona maji kwa macho. Kilichokosekana ni mtu wa kusema hapana, na gari likasimama.

Kreti ya mama mandazi nimeipenda kwa sababu hiyo.

#13 Fizikia_na_Ugali

Kwa wanaodhani gari lao ni zito: chukua gari dogo, urefu mita 4, upana 1.6. Eneo la sakafu ni mita za mraba 6.4. Kila maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu ya gari, yanalisukuma juu kwa uzito wa kilo 640, maana mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000. Gari la tani moja na kidogo, sentimita 20 juu ya sakafu limeshaanza kuelea, hata kama maji yataanza kuvuja ndani baadaye. Magurudumu hayashiki tena. Hapo usukani ni pambo.

Na kasi: maji yakiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kusukuma inaongezeka mara nne. Ndiyo maana kina kile kile ambacho jana ulipita, leo kinakubeba. @fundi_mto kipimo chako kinapima kina tu. Alama nyekundu iweke chini kuliko unavyodhani inatosha.

#14 fundi_mto

Nyekundu inaanzia sentimita 15 juu ya zege. Boda wananiambia ni woga. Iko hapo hapo.

#15 Mlipa_Kodi

Hongera, lakini naona tunashangilia kiraka. Zibueni hizo kalvati na mjenge daraja. Kila mvua ni mifuko, magodoro, matairi. Kihisi hakizibui kalvati.

#16 fundi_mto

@Mlipa_Kodi sibishani na wewe kuhusu daraja. Lije hata kesho, nitang'oa kifaa mwenyewe.

Ila kuna kitu nimekiona kwenye grafu kinachohusu hizo takataka. Mafuriko ya kawaida hapa yana umbo la paja la kuku: yanapanda kwa mkupuo, yanashuka taratibu. Mwezi wa tano umbo likabadilika. Yalipanda, yakashuka nusu, halafu yakasimama pale pale usiku kucha ilhali mvua ilishakata. Nilipokwenda, kalvati mbili kati ya tatu zimemezwa na godoro na matawi. Upande wa juu maji yametulia kama bwawa, upande wa chini yanachuruzika. Tukatafuta vijana, kamba na kulabu, saa tatu za kazi, na mto ukashuka sentimita 40 tunauangalia.

Sasa nina kihisi cha pili upande wa chini. Tofauti kati ya juu na chini ikikua bila mvua, najua zimeziba, na naweza kuipigia ofisi inayohusika nikiwa na namba mkononi. Walikuja mara moja. Mara moja ni zaidi ya sifuri.

Na msiidharau kalvati iliyoziba. Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, wengi walisema bwawa limepasuka. Maelezo ya wizara yalikuwa kwamba maji yalikusanyika nyuma ya njia ya maji iliyoziba chini ya tuta la reli, mpaka yakapasua. Watu walikuwa wamelala.

#17 Shangazi_Kayole

Na je, wanaokaa ukingoni? Mnazungumza magari tu. 2024 serikali iliamuru watu watoke mita 30 kutoka mtoni, wengine tukajua tumechelewa baada ya maji kuingia vitandani.

#18 fundi_mto

Shangazi, umesema kweli na nilikuwa nimeliruka. Nyumba za chini kabisa kwetu ni kama 14. Wao hawahitaji kujua kama drifti imefunikwa, wanahitaji kujua mapema zaidi, ili mtoto na gunia la mahindi vitoke. Kihisi cha drifti kinawapa dakika chache tu. Dawa ni kihisi kingine huko juu, kabla mito haijaungana. Nimepata shule iliyo karibu na mto, mwalimu mkuu amekubali nifunge ukutani kwao. Kuna mradi wa vituo vya hali ya hewa, TAHMO, ambao kwa muda mrefu umekuwa ukiweka vituo vyake mashuleni, na sababu naielewa sasa: kuna ukuta, kuna askari wa usiku, na kuna watoto wanaouliza maswali mpaka kifaa kisife kimya kimya.

Nikishapima muda unaopita kati ya kilele cha huko juu na cha huku chini nitauandika hapa. Kwa mvua mbili nilizopima kwa macho na saa, ilikuwa kama saa moja na nusu. Mvua mbili si kitu, msizinukuu.

#19 Kipara_Umoja

Bei? Na wezi?

#20 fundi_mto

Karibu elfu 12 kwa kifaa cha kwanza pamoja na kuchomelea. Cha pili kilishuka, nilishajua nisichohitaji. Wezi: sola ya kwanza ilidumu siku 9. Ya pili niliipaka rangi ya fedha iliyochakaa kwenye fremu, nikaandika jina la kikundi chetu cha boda kwa mkono mbaya, nikaifunga juu kabisa. Ipo mpaka leo. Nadhani aliyeiba ya kwanza ni mteja wa mmoja wao.

Kabla hujafunga chochote mtoni pitia kwa chifu, waambie wenye barabara, na waambie majirani hiyo si kamera. Hilo la kamera karibu linivunjie mkono wa chuma.

#21 boda_ruai

Leo nimepita. Kweli nguzo ina rangi, nimeiona. Swali moja: ulitumia rangi gani? Sisi huku kwetu tunataka kupaka ya kwetu Jumapili.

#22 fundi_mto

Ya mafuta, ile ya kuchorea barabara, duka la rangi lolote wanayo. Ya maji ilitoka wiki mbili. Sugua nguzo kwanza kwa brashi ya waya, ikauke kabisa, upake mara mbili. Na mpake pande zote mbili za nguzo, mimi nilipaka upande mmoja, wanaotoka Ruai wakawa hawaioni.